Salgaa ni bandari, na vijana wetu wanashuka huko bila wa kuwahesabu

Mtu wa Mombasa hahitaji kuelezwa maana ya manowari kutia nanga Kilindini. Waliokuwa watu wazima mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanakumbuka vizuri. Mwaka 1980 Kenya na Marekani zilitiliana saini mkataba wa kuyaruhusu majeshi ya Marekani kutumia bandari yetu, na meli zikawa zinaingia na vijana kwa mamia, mara nyingine kwa maelfu. Kila mmoja ana dola mfukoni, ana wiki na wiki hajakanyaga ardhi, na ana siku tatu nne tu kabla hajaitwa arudi melini. Mji ulikuwa unageuka. Teksi bei juu, mabaa ya barabara ya Kilindini, ambayo sasa ni Moi Avenue, hayalali, na wasichana wakishuka kutoka bara kuja kutafuta riziki ya siku hizo chache.

Wanaokumbuka hayo wanamkumbuka pia Monica Njeri. Aliuawa hapa Mombasa mwaka huo huo wa 1980 na baharia wa Kimarekani wa miaka 19 aliyekuwa ameshuka kwa ruhusa. Baharia alikiri kuua bila kukusudia. Mahakama ilimwachilia kwa dhamana ya shilingi 500 na sharti la kuwa na mwenendo mwema kwa miaka miwili. Shilingi mia tano. Nchi nzima ilipiga kelele, Bunge likapiga kelele, na baharia akaenda zake kwao.

Nimeanza na mabaharia kwa sababu wao ndio tunaowafahamu. Lakini makala hii si ya Kilindini. Ni ya Salgaa, kituo cha malori kilichoko kilomita 30 hivi kupita Nakuru, kwenye barabara kuu ya kwenda Eldoret. Salgaa haina bahari wala gati, ila nakuhakikishia, msomaji, kwamba ni bandari kama bandari nyingine yoyote, na mabaharia wanaoshuka pale ni wanetu. Hesabu nyumba za Changamwe, Miritini, Mikindani, Mazeras na Mariakani zenye kijana anayeshika usukani wa trela. Kontena linalopakuliwa Kilindini likielekea Kampala, Kigali, Juba au Goma, likienda kwa barabara, lazima lipandishwe na mtu, na mara nyingi mtu huyo ni wa kwetu.

Kwanza tuelewane kuhusu ruhusa ya kushuka na kwa nini inaua. Baharia akiwa melini ana kitanda, ana chakula, ana mkubwa wake, ana saa ya kulala na saa ya kuamka. Akishuka ngazi tu, vyote vinakatika kwa mara moja. Amechoka, ila anahisi hakuchoka kwa sababu ya furaha. Ana pesa taslimu za siku nyingi. Muda wake ni mfupi, kwa hiyo anataka kuyafanya ya mwezi mzima kwa usiku mmoja. Na hajulikani na mtu pale mjini. Hilo la mwisho ndilo baya zaidi, na linakata pande mbili. Asiyejulikana ni rahisi kuibiwa, maana kesho hatakuwepo kushtaki. Asiyejulikana pia ni rahisi kudhulumu, maana kesho hatakuwepo kushtakiwa.

Upande huo wa pili watu wa Bonde la Ufa na Laikipia wanaujua kwa uchungu. Agnes Wanjiru, mama wa mtoto mchanga, alionekana mara ya mwisho hotelini Nanyuki mwaka 2012 akiwa na askari wa Kiingereza waliokuwa kwenye mapumziko ya mazoezi yao. Mwili wake ulipatikana ndani ya tangi la maji machafu la hoteli hiyo. Uchunguzi wa mahakama uliamua mwaka 2019 kwamba aliuawa na askari wa Uingereza, na ilichukua mpaka Septemba 2025 ndipo Mahakama Kuu ya Kenya ikatoa hati ya kumkamata mtuhumiwa. Miaka kumi na mitatu. Kwa hiyo ninaposema hatari za kushuka sisemi hatari za anayeshuka peke yake. Mwenyeji naye anahatarishwa.

Majeshi ya majini yamelijua jambo hili kwa karne nyingi na yakajiwekea kanuni, kila moja ikiwa imetokana na maiti au aibu fulani. Baharia wa Kimarekani haruhusiwi kushuka ovyo. Kabla ya kushuka wanakusanywa na kuambiwa mji huu una nini, mtaa upi wasiuguse, sheria ya nchi inasemaje. Katika bandari nyingi ni lazima ashuke na mwenzake na arudi naye, na wote wawili wanaandikwa. Ana saa ya kurudi. Kuna askari wa doria wanaopita mabaa kuwaokota walevi wao kabla mji haujawaokota. Kuna mganga melini ambaye hamuulizi maswali ya dini, anampa kondomu akitoka na kumpima akirudi. Na likitokea baya, adhabu haimwangukii mmoja. Mwaka 2012, baada ya wanamaji wawili wa Kimarekani kumbaka mwanamke kisiwani Okinawa, majeshi yote ya Marekani nchini Japani yaliwekewa amri ya kutotoka nje kuanzia saa tano usiku hadi saa kumi na moja alfajiri.

Siyasifu majeshi. Kanuni hizo hazikumwokoa Monica Njeri, na tumeona Nanyuki jinsi zinavyovunjwa na jinsi wakubwa wanavyofumba macho. Ila chukua jambo moja: baharia asiporudi saa yake, kuna mtu mwenye daftari ambaye atajua kabla ya jua kuchomoza. Sasa niambie, dereva wetu asiporudi kwenye lori lake pale Salgaa, nani atajua?

Safari ya kufika pale

Hesabu ni rahisi. Mombasa mpaka Nairobi ni kilomita 480 na ushei. Nairobi mpaka Nakuru ni 160 hivi. Ongeza 30 za Salgaa na unakaribia 670. Lori lenye mzigo likienda wastani wa kilomita 50 kwa saa, na hilo ni kwa bahati, ni saa 13 za usukani mtupu, bila kuhesabu foleni za mizani za Mariakani, Mlolongo na Gilgil. (Mlolongo wenyewe ulipata jina kwa milolongo ya malori yanayosubiri kupimwa.) Sheria ya Trafiki ya Kenya inakataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Kwa hiyo anayefuata sheria anafika Salgaa siku ya pili akiwa amelala njiani. Asiyefuata anafika usiku wa siku hiyo hiyo, macho mekundu, miraa au muguka shavuni, na mwenye gari anampigia simu kuuliza mbona amesimama.

Na kwa nini Salgaa? Kwa sababu mlima unaanza pale. Ukitoka Salgaa barabara inapanda Migaa, Sachangwan, hadi Mau Summit, na baadaye Timboroa iliyo zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari. Nakuru iko mita 1,850 hivi. Hakuna mwenye akili anayetaka kuupanda mlima huo usiku wa manane akiwa na usingizi na kontena mgongoni. Anayetoka Uganda naye ameuteremka na mikono inamtetemeka. Wote wawili wanataka kusimama. Mjini Nakuru hakuna mahali pa kuegesha trela mia mbili. Salgaa pana uwanja wazi kando ya lami, pana petroli, nyama choma, chai, kitanda cha bei nafuu, mganga wa magurudumu, na kila kitu ambacho mwanamume aliye mbali na kwake anaweza kuuziwa. Ukipita pale saa nne usiku taa za malori zinakupa picha ya meli zilizotia nanga nje ya Likoni zikisubiri zamu.

Kuna tofauti moja na meli. Dereva hashuki na kuiacha meli mikononi mwa wenzake. Malori mengi siku hizi yana mtu mmoja tu. Zamani kulikuwa na taniboi, kijana wa kubadilisha gurudumu, kupika ugali na kulala juu ya mzigo. Wenye magari wakaona ni mshahara wa bure. Walichokiondoa, bila kujua au kwa kujua, ni yule mwenzake baharia anayeandikwa pamoja naye kwenye daftari.

Mchele

Hatari inayozungumzwa sana pale ni kuwekewa mchele. Pwani tunaijua kwa jina jingine, maana bugizi imeharibu vijana wetu tangu siku nyingi. Ni vidonge vya usingizi vya aina hiyo au ndugu zake. Vinasagwa na kutiwa ndani ya bia, soda, hata supu. Dawa hizi nyingi hazina harufu wala ladha ya kumshtua mnywaji. Ndani ya nusu saa hivi, mtu aliyekuwa anacheka anaanza kulegea. Wanaomwona wanadhani amelewa, na huo ndio ujanja wenyewe. Anashikwa mkono na "rafiki" aliyemjua saa mbili zilizopita na kupelekwa chumbani, na hakuna anayeuliza, kwa sababu mlevi kushikwa mkono pale ni jambo la kila siku.

Watu wengi huko pwani wanaichukulia habari hii kama kichekesho. Fulani aliwekewa mchele, kaamka bila viatu, haya tucheke. Hicho si kichekesho. Dawa hizi zinapunguza kasi ya pumzi, na pombe nayo inapunguza kasi ya pumzi. Ukizichanganya zinasaidiana. Mtu aliyelala chali akatapika hawezi kuamka kujigeuza, na matapishi yanaingia kwenye mapafu. Anayekutwa hivyo asubuhi amekufa bila jeraha hata moja, na jirani atasema alikunywa sana.

Asiyekufa anaamka baada ya saa kumi, kumi na tano, na pengo kichwani. Dawa hizi zinafuta kumbukumbu, na ndiyo maana kesi chache sana zinafika mahakamani. Polisi wakimuuliza ilikuwaje, hajui. Alikuwa na nani? Anakumbuka kipande cha uso na rangi ya nguo. Juu ya hapo ana mke nyumbani, ana bosi, na kuandikisha taarifa ni kujieleza alikuwa akifanya nini chumba namba saba. Wezi wanalijua hilo kuliko wanasheria. Aibu ya mwathiriwa ndiyo kufuli la mlango wao.

Zamani walikuwa wanachukua pochi na saa. Sasa wanachukua simu. Kidole cha mtu aliyelala kinafungua simu sawasawa na kidole cha aliye macho. Namba ya siri ya M-Pesa, kama ni mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa kwenye kitambulisho kilicho mfuko ule ule, haichukui dakika. Wakimaliza pesa ya safari aliyotumiwa na kampuni wanamalizia na mikopo. Fuliza, na kila programu ya kukopesha iliyomo ndani ya simu, inaweza kuchotwa usiku huo huo. Mtu anaamka hana kitu na anadaiwa.

Nikuambie la kufanya, maana huenda ukapigiwa simu wewe. Ukiambiwa ndugu yako amekutwa hajitambui, waambie wamlaze ubavu, si chali, kinywa kikielekea chini, na asiachwe peke yake hata kidogo. Wasimpe kahawa wala maziwa, wala wasimmwagie maji baridi. Aliyepotewa na fahamu hamezi, anapaliwa. Apelekwe hospitali wakati huo huo, na waseme waziwazi kwamba wanashuku dawa pamoja na pombe, wasiseme "amelewa tu". Wewe uliye Mombasa kazi yako ni simu: piga kwa kampuni ya simu laini ifungwe, piga kwa benki, piga kwa mwenye gari. Kisha kuandikisha taarifa polisi, aibu au hakuna aibu, kwa sababu mikopo ile itakuja kumdai na karatasi ya polisi ndiyo ushahidi wake pekee.

Mzigo nao

Wakati mwingine mtu mwenyewe si shabaha. Shabaha ni tangi la dizeli au kontena. Usiku mmoja wa dereva kulala sana unatosha kunyonya mamia ya lita. Mizigo ya kupita nchi ina mihuri ya kielektroniki tangu mamlaka za kodi za Kenya, Uganda na Rwanda zilipounganisha mfumo wao wa kuifuatilia mwaka 2017, na lori likiacha njia yake kengele inalia Nairobi. Ni jambo jema. Lakini angalia linalofuatiliwa ni nini. Kontena la vitambaa lina satelaiti inayojua liko wapi kila dakika, na mtu aliyelibeba hana hata anayempigia simu asubuhi kumuuliza ameamkaje. Mzigo ukipungua, anayekatwa mshahara au kuwekwa ndani kwanza ni yeye, hata kama alikuwa hajitambui.

Ugonjwa

Hapa nitapita upesi kwa sababu tumeyasikia tangu kisa cha kwanza cha UKIMWI kilipotambuliwa Kenya mwaka 1984. Watafiti waliwafuatilia wafanyakazi wa makampuni ya malori hapa Mombasa katika miaka ya 1990 wakijua wanachokitafuta. Virusi vilisafiri na barabara. Kilichobadilika ni dawa. Aliyeteleza au aliyeamka hajui kilichotokea usiku ana saa 72 za kuanza vidonge vya kinga, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Kuna pia vidonge vya kumeza kabla, ambavyo serikali ilianza kuvitoa mwaka 2017. Shirika la North Star Alliance liliweka zahanati ndani ya makontena kando ya barabara hii, Salgaa ikiwamo, zinazofunguliwa jioni wakati madereva wamesimama. Ni wazo la busara: kliniki inayofungwa saa kumi na moja haina maana kwa mtu anayefika saa mbili usiku.

Najua wako watakaosema, mfundishe kijana dini badala ya kumwonyesha kliniki. Mfundishe. Lakini mkewe aliye Mikindani hajafanya kosa lolote, na kipimo cha wawili pamoja kila arudipo safari ndefu kinamlinda yeye kuliko hotuba yoyote.

Mteremko wa asubuhi

Hatari kubwa kuliko zote haiko Salgaa usiku. Iko kesho yake, na wengi hawaihesabu kama tunda la usiku ule.

Dereva aliyekunywa mpaka saa nane na kuamka saa kumi na moja bado ana pombe mwilini. Aliyetafuna miraa siku mbili, kisha akanywa bia kuivunja handasi ili alale, hajalala, amezimika tu. Anawasha injini. Kama anatoka juu, Timboroa au Kericho na chai inayoteremka kwenye mnada wa Mombasa, ana mteremko mrefu wa Mau Summit hadi Salgaa mbele yake. Hapo ndipo ile tabia ya kutia gia huru inapoingia. Lori linaachiwa lijiteremkie lenyewe ili dizeli ibaki, na dizeli iliyobaki ina wanunuzi wanaosubiri bondeni, pesa ile ile ya kulipia usiku.

Eleza fizikia yake kwa lugha ya jikoni. Lori lililo ndani ya gia linashikwa na injini yenyewe. Toa gia, na tani zote, ambazo kisheria zinaweza kufika 56, zimebaki kwa breki peke yake. Breki ni msuguano, msuguano ni moto. Baada ya kilomita chache breki zimekuwa kaango, na breki iliyochemka haishiki, unakanyaga na mguu unakwenda. Akizima na injini kabisa, pampu ya upepo wa breki nayo imekufa. Kurudisha gia kwa mwendo huo haiwezekani, inagoma. Kutoka hapo ni kuomba tu.

Kuamkia tarehe 31 Desemba 2017, pale Migaa, basi na lori viligongana usiku wa manane, watu 36 wakafa. Serikali ikayapiga marufuku mabasi ya usiku kwa muda. Malori hayakuguswa. Baadaye sehemu ya Salgaa na Sachangwan ilitenganishwa kwa ukuta wa zege ili wanaopanda na wanaoshuka wasikutane uso kwa uso, na hiyo ilisaidia kuliko marufuku yoyote. Sachangwan hiyo hiyo ndipo tangi la mafuta lilipopinduka tarehe 31 Januari 2009, wananchi wakaja na mitungi kuchota, moto ukalipuka na kuua zaidi ya watu 100. Wengi walizikwa kaburi moja. Kila anayeteremka kutoka Mau Summit akifika hapo anapunguza mwendo, au angepaswa.

Wenyeji

Nisingependa mtu amalize kusoma akidhani Salgaa ni shimo la wachawi na madereva ni kondoo. Wako madereva wanaopiga wanawake pale, wanaokataa kulipa, wanaoondoka alfajiri na kuacha mimba na namba ya simu isiyopatikana. Mwanamke wa Salgaa akipotea naye hana daftari. Wengi wao wamekuja kutoka vijiji vya Nakuru, Kericho, Baringo na kwingineko, wengine mashamba yao yalichomwa katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, na wanalea. Anayetia mchele ni wachache kati yao, na mara nyingi nyuma yake kuna wanaume wanaobaki na fungu kubwa. Wanawake wenyewe wanawajua. Wangekuwa na kituo cha polisi kinachowasikiliza bila kuwatukana, wangewataja, maana biashara yao inaharibika kila dereva mmoja anapokutwa amekufa chumbani.

Kwa hiyo kuhubiri dhidi ya Salgaa hakutamaliza. Ukiifunga leo, malori yatasimama kilomita kumi mbele, gizani zaidi. Mtu aliyeendesha saa 13 lazima asimame mahali.

Kinachoweza kubadilika ni mahali penyewe. Barabara ya Rironi hadi Mau Summit inapanuliwa, na barabara ikipanuliwa vituo vinahama. Salgaa ya miaka kumi ijayo inachorwa sasa hivi kwenye karatasi. Kwa miaka kadhaa Mamlaka ya Uratibu wa Ushoroba wa Kaskazini imekuwa ikisukuma mpango wa vituo rasmi vya kando ya barabara: maegesho yenye uzio na taa, vitanda, bafu, chakula, zahanati, askari. Baharia wa meli za biashara ana Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, unaompa haki ya kushuka na unaozihimiza nchi zimwekee huduma bandarini. Mombasa ina nyumba ya mabaharia ya Mission to Seafarers ambapo Mfilipino aliyechoka anapata intaneti, mtu wa kuongea naye na kiti kisichomdai chochote. Dereva wa Mazeras hana kitu cha namna hiyo kati ya Kilindini na Malaba.

Wenye malori wengi wako hapa hapa Mombasa, tunasali nao, tunahudhuria arusi zao. Waulizwe mambo matatu mepesi. Je, dereva wako akilala Salgaa, kuna mtu ofisini anayempigia saa kumi na mbili asubuhi, na asipopokea, anajua ampigie nani pale? Pesa ya safari unamtumia yote siku ya kwanza, au kidogo kidogo kila kituo, asibebe kishawishi chote kwa wakati mmoja? Na ile ratiba uliyompa, umeigawanya kwa saa 8 ukaona kama inawezekana? Simu moja ya asubuhi ni bei ya kikombe cha chai.

Na ile Mamlaka ya Ushoroba wa Kaskazini, inayoandika mipango ya vituo hivyo kwa niaba ya nchi zote za njia hii, makao yake makuu hayako Nairobi wala Kampala. Yako Mombasa. Mlango wake uko karibu nasi kuliko Salgaa, na wazazi wa Changamwe wanaweza kuubisha wakiwa na majina ya vijana wao mkononi.